Mi, Halafu Mi Tena

Ilikuwa saa saba mchana, na ilikuwa saa saba mchana kwa muda mrefu sasa. Saa iliyotundikwa juu ya lango la Tamasha la Picha haikuwa mbovu. Mshale wa sekunde ulizunguka kwa bidii kama mbwa anayetafuta mahali pa kulala, ila ile mishale miwili mikubwa ilikuwa imegoma. Niliwaambia wenzangu kwamba hata mimi ningegoma, saa nane kuna nini cha kukimbilia? Yule dada tuliyekuwa naye, Sikudhani, hakucheka. Kitwana alicheka, lakini Kitwana hucheka kwanza, kilichosemwa huuliza baadaye.

Tulikuwa watatu na kadi moja. Kadi ngumu, rangi ya chai iliyopoa, yenye duara tatu za kutobolewa: matundu matatu, picha tatu, basi. Mbele yetu ulisimama ubao wa ratiba, na ubaoni palikuwa na picha sitini na moja, zote zikianza saa saba mchana. Kuchagua moja ni kuzikosa sitini. Juu kabisa, chini ya sura ya Mkuu wa Mji, waliandika kaulimbiu kwa herufi za dhahabu: KILA MTU ANA PICHA YAKE. Mkuu alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekwisha kuziona zote.

Majina ya picha zenyewe hayakuwa ya risasi na mabomu kama tuliyoyazoea. Kulikuwa na Karani Anasubiri Simu. Kulikuwa na Foleni, halafu Foleni Sehemu ya Pili, nadhani kwa wale ambao ya kwanza haikuwafikia. Kulikuwa na Mtu Anafunga Kamba za Viatu, urefu wake masaa manne. Nikasema huyo ama ana miguu mingi ama hataki kwenda anakokwenda. Macho yangu yaliteremka ubaoni, kila jina nikilitania, mpaka yakafika mstari wa mwisho kabisa, wenye neno moja tu, Ukuta. Hapo yakapanda juu haraka, yakarudi kwenye kamba za viatu. Hakuna aliyeniona. Nilidhani hakuna aliyeniona.

Mlangoni tulimwamkia mama mmoja aliyeketi kwenye kigoda, kanga begani, daftari kubwa magotini, mkononi kile kidude cha kutobolea kadi. Alikuwa anakiminya minya hewani, kwa mazoea tu, akiitoboa hewa. Aliitikia marahaba bila kuinua uso, akatusomea sheria kwa sauti ya mtu aliyewasomea babu zetu na hawakuizingatia.

"Humo ndani ya picha mna watu, wanangu, si vivuli. Ukimwona wa kwako, sema mimi. Yeye atatoka, wewe utakaa pale alipokuwa. Lakini iwe mimi ya kweli. Turubai halipokei mimi ya uongo."

Kitwana akamuuliza itakuwaje kama hakuna aliyesema.

"Picha huonyeshwa mara moja. Ikiisha, inafuliwa." Akaminya hewa. "Nguo ikifuliwa, doa linakwenda wapi?"

Hakuwa anauliza.

Tulikuja kumtoa Shaweji.

Shaweji ndiye wa nne wetu, naye alikuwa ndani ya mojawapo ya picha zile. Alichukuliwa mwaka mmoja uliopita, au saa saba moja iliyopita. Katika mji ule vipimo hivi viwili vimefanana. Sisi wanne tulilelewa na kibanda cha video kilichokuwa nyuma ya mashine ya kusaga: kuta za mabati, benchi nne za mbao, na televisheni moja iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma kama mfungwa hatari. Mle ndani tulikuwa na desturi yetu. Picha ikianza, kila sura inapotokeza, wa kwanza kusema mimi ndiye anayekuwa huyo mpaka mwisho. Ukimwahi steringi, yule shujaa wa picha, umeokoka, kwa sababu steringi hauawi. Akipigwa risasi, imepita begani. Akitupwa mtoni, kumbe anajua kuogelea. Ukichelewa, unabaki na makombo: mlinzi wa geti, dereva wa adui, au yule askari anayesema kesho nakwenda kwetu kuoa, na kabla hajamtaja mchumba amekwisha kufa.

Kitwana alikuwa steringi kila siku ya Mungu. Sikudhani hakutaka sura yoyote. Alidai sauti ya mtafsiri, yule anayezungumza juu ya picha kutufafanulia Wachina wanasema nini, kwa hoja kwamba sauti haina mahali pa kupigwa risasi. Mimi nilimchukua mchekeshaji, rafiki wa steringi, yule anayetumbukia kwenye pipa. Na Shaweji alikuwa na kigugumizi. Sura inatokeza, Shaweji anafumba macho, anaanza: mi, mi, mi, mi, na akifumbua, sura ina mwenyewe. Mimi ndiye niliyetunga ule utani. Nilimwambia, hao ni wawili, Shaweji, chagua mmoja. Benchi zima lilianguka. Utani ule uliishi miaka sita, na kila ulipotajwa alicheka pamoja nasi, akikwama hata kwenye kicheko. Mara nyingine hakuwa anamdai mtu yeyote. Alikuwa ananiita mimi, Mikidadi, nimsogezee mguu apate pa kukaa, na kabla hajafika katikati ya jina langu benchi zima linamjibu amechelewa. Kwa hesabu yangu Shaweji alikufa mara mia tatu kabla hajaingia kidato cha pili.

Nimelifikiria sana neno hili. Saa saba isiyoisha humpa mtu nafasi. Mimi. Mi, halafu mi tena. Lugha za wengine sizijui vizuri, cheti changu ni shahidi, lakini hii yetu imelishona neno la kujitaja kwa kigugumizi. Labda wa kwanza kulisema aliulizwa nani, akaogopa, akasema mi, koo likafunga, akarudia, na waliomsikia wakalichukua vile vile lilivyotoka. Maana ukitazama, mi moja inatosha. Mtaani tunaitumia kutwa: mi sijui, mi sikuwepo, mi simo. Ona ujanja wetu. Tunapojitoa kwenye jambo, tunatumia nusu ya neno. Nzima tunaiweka akiba kwa siku ya kudai. Nani mwenye chapati hii? Mimi. Nani aliyevunja glasi? Mi hata sikuigusa. Basi nikajiuliza, wakati Kitwana anabishana na ubao wa ratiba, hivi kutawala ni nini kama si kuwahi neno? Siku moja, zamani, sura ilitokeza mbele ya mji mzima, sura isiyo na mwenyewe, na watu wote wakawa wanajikagua, wanajipapasa mifukoni, wanaulizana kwa adabu huyu atakuwa nani. Yule anayetabasamu pale juu hakujikagua. Alisema tu. Sisi tukabaki na makombo: mlinzi wa geti, dereva, yule wa kuoa kesho.

Kitwana alishinda ubishi wa kwanza. Hoja yake ilikuwa ya upendo, siwezi kumsema vibaya: Shaweji alikufa vya kutosha, kama duniani kuna haki basi safari hii amepewa steringi, na steringi yumo kwenye Jemadari wa Daraja la Chuma. Sikudhani alisema haki na ratiba haviandikwi na mtu mmoja. Nikamuunga mkono Kitwana. Niliiunga mkono kila picha isiyokuwa ile ya chini.

Mama akatutobolea kadi. Ndani mlikuwa na benchi, benchi zetu zile zile, mpaka ule msumari uliochana kaptula yangu. Turubai likawaka. Vumbi, farasi, daraja, halafu mtu akageuka polepole, mabega mapana, jua nyuma ya kichwa.

"Mimi," akasema Kitwana.

Hakukusudia. Naweza kuapa popote. Lilimtoka kama chafya, miaka kumi ya mazoea ikitafuta mlango. Nilipoushika mkono wake nilishika hewa yenye joto. Pale turubaini jemadari alikuwa na paji la uso la Kitwana na lile kovu la ndui, anatazama huku na huku, anatafuta benchi. Ubavuni kwangu alikaa baba mmoja mkubwa mwenye buti zinazonuka baruti, akaniuliza kwa upole choo kiko wapi. Nikamwonyesha. Aliporudi alisema jina lake ni Kitwana, akatukumbusha mambo ya kibandani ambayo hata sisi tulikuwa tumeyasahau, akayasimulia vizuri, kwa mpangilio, kuliko Kitwana alivyowahi kusimulia kitu chochote. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Nilimpenda kidogo.

Shaweji hakuwemo. Tulimtafuta mpaka kwenye miguu ya farasi. Jemadari alivuka daraja, akanusurika kama inavyotakiwa, akainua mkono, na turubai likawa jeupe. Steringi hauawi, ni kweli. Anafuliwa tu.

Nje, saa saba.

Sikudhani alikaa chini kwenye ngazi akajifunika uso kwa ushungi. Yule Kitwana wa buti akamfariji, akimwita dada yangu, na mkono wake ulikuwa mzito na mwema. Mimi nikaanza kuongea. Ndiyo kazi yangu, kukiwa na kidonda mimi ndiye nzi. Nikasema Shaweji alipenda kucheka kuliko sisi wote, kwa hiyo tumtafute penye kicheko, na ipo picha inaitwa Kicheko cha Benchi la Mbele, jina lenyewe linatuita. Nilisema kwa kasi na kwa uchangamfu, nikaigiza, nikatumbukia kwenye pipa lisilokuwepo. Sikudhani akanipa kadi, kama mtu anayempa mwenzake kamba aone atafanya nayo nini.

Ilikuwa kibanda chetu. Mabati, sanduku la chuma, na sisi tukiwa na miaka kumi na mmoja, magoti yamejaa vumbi la unga wa mashine. Watu ukumbini walicheka tangu mwanzo, hata kabla hatujafanya kitu. Pale turubaini mtoto Mikidadi aligeuka kuelekea mwisho wa benchi, akasema ule utani wake, hao ni wawili, chagua mmoja, na watoto wote wakaanguka. Ila mwisho wa benchi hapakuwa na mtu. Palikuwa na mbao tupu, imeng'aa kwa kukaliwa. Tulikuwa tunaicheka mbao. Mtoto yule akarudia utani, na tena, na kila mara baada ya kuusema macho yake yalizunguka kibanda yakikusanya vicheko, kimoja kimoja, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Sikujua kwamba macho yangu hufanya hivyo. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Ningeweza kumtoa. Alikuwa wa kwangu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Nilitazama pembeni mpaka picha ikaisha, na ilipofuliwa nilisikia kitu kidogo kikinitoka bila maumivu, kama jino la utotoni. Tangu hapo sikumbuki vizuri nilikuwa nacheka nini.

Nje, saa saba. Tundu moja limebaki.

Sikudhani alinivuta kando, mbali na Kitwana wa buti aliyekuwa anaisifia ile picha kwa mama wa mlangoni.

"Unaijua picha yenyewe tangu tulipofika," akaniambia.

Nilisema picha ziko sitini na moja, mimi siyo mganga.

"Macho yako yalifika chini yakaruka, Miki. Nilikuona. Nimekuacha utuzungushe nikidhani utachoka." Aliongea bila kupandisha sauti. "Ule ukuta uliuchora wewe?"

Nikamwambia mkaa ndio uliochora, mi niliushika tu.

Mi. Aliisikia. Alinitazama kama mtu anayesoma barua ya miaka mingi na kugundua kwamba alikuwa ameishika juu chini.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mkuu wa Mji alikuja shuleni kwetu kuzindua bomba la maji ambalo halikuwa na maji. Wakati wengine wanamsifu, yeye alisinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Kesho yake asubuhi ukuta wa shule unaotazama barabara ulikuwa na Mkuu amesinzia, udenda unamtoka, udenda unakuwa mto, na akina mama wanachota kwa ndoo. Juu niliandika MAJI YAMEFIKA. Mji ulicheka siku mbili. Siku ya tatu, saa saba mchana, lilikuja gari lisilo na namba, wakashuka watu waliopiga pasi mashati yao vizuri sana, wakatupanga uwanjani mstari mmoja. Mmoja wao, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto alale, aliuliza neno moja tu. Nani?

Mdomo wangu, ambao uliwahi kuwajibu walimu kabla hawajamaliza swali, ulijaa mate.

Shaweji alisimama ubavuni kwangu. Alifumba macho, akaanza: mi. Sote tulimjua, tukajua muda upo. Mtu angeweza kunywa kikombe kizima cha chai Shaweji akiwa bado anakuja. Mi, akasema tena. Na yule mtu akasema, vizuri. Hakusubiri. Nani husubiri mi ya tatu, ikiwa mbili zinatosha kumpeleka mtu? Wakamshika mikono, kwa adabu, na mdomo wake ulikuwa bado unafanya kazi alipoingizwa garini.

Basi mji ukapata shujaa wake. Walimu walimsifu kwa kunong'ona. Sikudhani alimlilia kama watu wanavyowalilia waliojitoa. Ilikuwa mara ya kwanza Shaweji kuwahi, walisema, na aliwahi penyewe. Ni mimi peke yangu katika mji mzima niliyekuwa na sababu ya kutolala juu ya jambo hilo, kwa kuwa ni mimi peke yangu katika mstari ule ambaye jina langu huanza hivyo hivyo. Mi, mi, halafu? Kama iliyofuata ni hewa tupu, basi alisema mimi, na mimi ni mtu niliyeachiwa uhai na rafiki. Kama iliyofuata ni k, basi alikuwa ananitaja, Mikidadi, huyu hapa, mchukueni, na mimi ni mtu niliyeokolewa na kigugumizi nilichokicheka miaka sita. Na iko ya tatu, ambayo ndiyo hunijia nikiwa nakula. Kwamba hakuwa anasema mimi wala hakuwa ananichongea. Kwamba aliogopa, akaniita, kama benchini.

Sikumwambia Sikudhani haya yote. Nilimwambia nusu. Akachukua kadi mkononi mwangu akaenda nayo mlangoni, na mama akatoboa tundu la tatu.

Ukumbini mlikuwa na sisi watatu tu. Kitwana wa buti alikaa nyuma. Alisema picha za shule humkumbusha utoto wake. Turubai likawaka, na ukuta ukaja wote, mweupe, mrefu, na mchoro wangu juu yake. Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba ule mstari wa udenda ulitoka vizuri. Halafu gari. Halafu mashati. Halafu mstari wa wanafunzi, nami nikiwemo, kichwa chini kama mtu aliyedondosha sindano.

Nani?

Sura ya Shaweji ikajaa turubai zima. Ndevu zake tatu. Jasho juu ya mdomo.

Sikudhani alisimama. Yeye ambaye hakuwahi kudai sura yoyote maishani mwake alisimama katikati ya benchi na kusema, wazi, bila kukwama, "Mimi."

Turubai halikutikisika. Hakuchora yeye, na turubai lilijua. Lina heshima kuliko wale wa gari. Alisema tena, kwa nguvu zaidi, na neno likamrudia kama barua yenye anwani mbaya. Ndipo akanigeukia. Hakuwa analia.

"Miki. Sema."

Nitasema. Subiri. Nilikuwa na muda, maana kumbe na picha yenyewe ilishikwa na kigugumizi: mdomo wa Shaweji ulisema mi, picha ikakwama, ikarudi, mi, ikakwama, ikarudi. Ilinisubiri. Nani mwingine katika hadithi hii aliyewahi kusubiriwa hivyo?

Nitasema. Nataka tu kuona mdomo kwanza. Baada ya mi ya pili, tazama vizuri, midomo inafunga kwa m, au koo ndilo linalofunga kwa k? Kama ni mimi, nitasema mara moja, nani hawezi kumfia aliyemfia? Kama ni k, basi yeye na mimi tumelingana, na nina haki ya kukaa.

Ndivyo nilivyofikiri. Nimeandika ndivyo nilivyofikiri.

Mi.

Aliyesimama ubavuni kwake pale turubaini, yule mwenye kichwa chini, hakuinua uso. Shaweji akafumbua macho. Hayakumtazama yule. Yalimpita, yakautoka uwanja, yakaitoka picha, yakaja moja kwa moja kwenye benchi la pili, msumarini, nilipokaa. Hayakuwa macho ya shujaa. Hayakuwa macho ya mtu anayechongea. Yalikuwa macho ya mtu anayetafuta pa kukaa.

Na mimi nikawa bado natazama mdomo.

Mi.

Sikudhani alinipiga begani, ngumi, kama mwanamume. Nikafungua kinywa. "Mi," nikasema, na koo likafunga. Sikuwahi kulijua koo langu. Lilifunga kama mlango unaofungwa na mtu aliye ndani. Nikavuta pumzi ya kuleta ile ya pili, na turubai likawa jeupe. Sijui kipi kilitangulia, weupe au ukimya wangu. Lakini jambo moja naliona mpaka sasa kila nikifumba macho: midomo yake haikufika popote. Haikufunga, koo halikufunga. Ilibaki wazi hivyo hivyo, katikati, inasubiri niikamilishe mimi.

Tulitoka nje. Saa juu ya lango ilikuwa saa saba na dakika moja.

Dakika moja tu. Mshale mkubwa ulikuwa umesogea kidogo sana, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Pale ubaoni mstari wa chini kabisa ulikuwa umepanguswa kwa kitambaa kibichi, na maji yalikuwa bado yanachuruzika. Kitwana wa buti alinyoosha mgongo, akasema picha nzuri, ila mwisho hakuuelewa, yule kijana alikuwa anataka kusema nini hasa? Sikudhani alimtazama, akanitazama mimi. Kadi ile yenye matundu matatu aliitia kwenye mfuko wa shati langu, akaugonga mfuko mara mbili kwa kiganja, taratibu, kama unavyomgonga mgeni anayeondoka. Halafu akaenda zake barabarani, katika jua ambalo sasa lilikuwa linatembea, bila kugeuka. Yule wa buti alimfuata hatua chache nyuma, akimwita dada yangu.

Nilibaki na mama wa mlangoni. Alikuwa amelifungua daftari magotini na kulamba ncha ya kalamu.

"Ratiba ya kesho ina nafasi moja wazi," akasema, bila kuinua uso. Sauti yake ilikuwa laini kuliko mwanzo, ya kubembeleza mtoto alale. "Nani?"

Nilitaka kumwambia jina langu. Jina langu tu, lile nililopewa, analijua hata mwenye mashine ya kusaga.

"Mi," nikasema.

Koo likafunga. Nikafumba macho, nikavuta.

"Mi."

Mama hakusubiri. Aliandika alichosikia, akafunga daftari.